Mwasumini Hutaka Mkasi

Mwasumini ukiachwa ujiotee utayapendeza macho na kuinyima pua haki yake. Utatambaa ukutani, utafunga majani mazito, matawi yatalaliana, na maua yatakuwa ya kuhesabika. Mwenziwe uliopandwa siku ileile, katika udongo uleule, lakini mikononi mwa mtu ajuaye kupogoa, utakuwa mfupi, mpana, wazi katikati, na kila jioni utakuwa na cha kuchumwa. Kilichoitenga miti hiyo miwili ni mkasi, na katika mkasi huo mna elimu ninayoiheshimu sana.

Elimu yenyewe imejengwa juu ya tabia moja ya mti. Asumini huchanua kwenye ncha ya chipukizi jipya. Tawi lililokwisha kutoa maua yake halitayatoa tena mahali palepale. Lazima kwanza lichipue. Majani ya mwasumini aghalabu hukaa mawili mawili yakielekeana, na katika kwapa la kila jani mna jicho lililolala. Ncha ikiwa nzima, macho hayo huendelea kulala. Ukiikata juu kidogo ya jozi ya majani, yote mawili huamka. Palipokuwa na ncha moja pana mbili, na kila moja itabeba kichala chake cha vitumba, mara nyingi vitatu. Ukirudia hivyo kila wimbi la maua linapopita, mti unaongeza vichala bila kuongeza kimo.

Wanaoishi kwa kazi hii hawakati kwa woga. Kusini mwa India, katika mashamba ya Madurai, ambako asumini ya huko ilisajiliwa mwaka 2013 kuwa zao lenye jina la mahali pake, wakulima huipogoa miti mwishoni mwa mwaka hadi ibaki na kimo cha karibu sentimita 45 tu kutoka ardhini. Anayepita wakati huo huona visiki na vijiti. Akirudi joto likishapanda, atakuta shamba zima limejaa weupe. Ujasiri huo haufundishwi kwa maneno. Mtu huupata akishaona kwa macho yake kwamba mti alioukata sana ndio uliomlipa zaidi.

Kabla ya mkasi kuna kupanda, na hapo pia mwenye subira hujulikana. Mwasumini hupandwa kwa pingili. Huchukuliwa tawi lisilo changa mno wala gumu mno, lenye vifundo vitatu au vinne. Majani ya chini huondolewa, kisha pingili huchomekwa kwenye mchanga wenye unyevu, kivulini. Ikishashika mizizi huhamishiwa palipo na jua la kutosha, kwa kuwa mwasumini wa kivulini huwa na majani mengi na maua haba. Katika miji ya pwani adui mkubwa ni ardhi yenyewe. Udongo uliokaa juu ya mawe ya matumbawe una chokaa nyingi, na chokaa huuzuia mti usifyonze madini ya chuma. Utaona majani machanga yamegeuka manjano huku mishipa ikibaki kijani. Wengi hudhani ni kiu, wakazidisha maji, na mizizi ikaoza. Mjuzi huleta samadi iliyooza vizuri na mboji, akaifanya upya ardhi ya shimo lile kidogo kidogo, mwaka baada ya mwaka.

Joto letu tusilidharau. Mwishoni mwa karne ya 17, Cosimo III de' Medici, mtawala wa Toscana nchini Italia, alipendezwa na asumini yenye petali zilizosongamana kama waridi dogo, akaijengea nyumba maalumu katika bustani ya Villa di Castello ili isiuawe na baridi. Aina hiyo hadi leo inaitwa kwa cheo chake, Grand Duke of Tuscany. Alichokipata mtawala yule kwa kujenga nyumba, mkazi wa Lamu, Mombasa au Unguja anakipata kwa ukuta unaopigwa na jua na ndoo ya maji.

Kisha kuna saa ya kuchuma. Waridi la kutoa mafuta huchumwa alfajiri, kabla jua halijaichukua harufu yake. Asumini ni kinyume. Kitumba hujaa na kuwa cheupe pe mchana ukielekea jioni, kikafunguka giza linapoingia, na ndipo harufu inapotoka. Hata kikiwa kimechumwa, kitaendelea kufunguka na kunukia. Kwa sababu hiyo watengenezaji wa chai ya asumini nchini China huvichuma vitumba mchana na kuvilaza pamoja na majani ya chai usiku kucha, chai ikainywa harufu inapotolewa. Mchumaji mzuri hupita mtini alasiri na kuchagua kwa jicho: kilichojaa anakichukua, chenye rangi ya kijani anakiacha. Katika kichala cha vitatu, cha katikati hutangulia kukomaa, kwa hiyo hukikata peke yake kwa ukucha, bila kuvigusa viwili vya pembeni, ambavyo vina siku zao.

Nyumbani hutungwa uzini, sindano ikipita katika shina jembamba la ua ili petali zisichubuke, au huchanganywa na rehani na mkadi kufanya kikuba cha kuvaa kifuani. Kazi hii ni kongwe kwetu. Mwana Kupona binti Msham, alipomtungia bintiye utenzi wa mawaidha mwaka 1858, aliweka miongoni mwa wosia wake kutunga asumini na kuzitia malaloni. Mama aliyekuwa mgonjwa, mwenye mengi ya kumwambia mtoto, aliona jambo hilo lina nafasi katika mausia yake.

Asubuhi ua linageuka rangi na kudondoka. Hakuna njia ya kulihifadhi, na anayelitunza analijua hilo tangu anapochomeka pingili. Anapogoa, anatia mbolea, anangoja msimu, kwa ajili ya usiku mmoja, kisha usiku mwingine. Kwa maoni yangu ustadi wa namna hii unastahili heshima ileile tunayompa fundi wa mlango wa nakshi, ingawa kazi ya fundi huyo hudumu karne nzima.

Kama una ukuta unaopata jua, mwombe jirani pingili moja ya mwasumini. Ukishika, usiuonee huruma: wimbi la maua likipita, kata.