Ikulu Zisizo na Mawe: Vita vya Unyamwezi na Urithi wa Miji Mikuu

Tunapotaja urithi wa miji mikuu ya kale, mawazo yetu hukimbilia Kilwa, Unguja na Bagamoyo, mahali ambapo kuta za mawe zimebaki kuwa shahidi. Ni mara chache mawazo hayo kufika Tabora. Na hata tukiitaja Tabora, aghalabu tunataja boma la Wajerumani, au reli iliyofika huko mwaka 1912, au nyumba ya Kwihara alimokaa Livingstone. Hali katika eneo hilo hilo, katika karne ya 19, palikuwa na makao makuu ya dola mbili jirani, Unyanyembe na Urambo, ambazo ugomvi wao uliitikisa njia nzima ya misafara. Katika makala haya twataka kukihoji kipimo tunachokitumia kuupima urithi huo. Twaona kwamba kipimo cha mawe kimetufanya tuitangulize nyumba ya mgeni na kuiweka nyuma ile ya mwenyeji.

Wanyamwezi waliyaita makao ya mtemi ikulu. Wasafiri wa zamani waliopita karibu na Tabora waliandika katika vitabu vyao jina la Kwikuru, makao ya mtemi wa Unyanyembe; nalo si jambo jingine ila "kwenye ikulu". Ikulu ilijengwa kwa miti, udongo na nyasi, ikazungushiwa boma la magogo au ua wa minyaa. Hapo ndipo mashauri yalipokatwa, ngoma za utawala zilipotunzwa, na mizimu ya watemi ilipotambikiwa. Aidha, mtemi mpya aghalabu alijenga ikulu yake mwenyewe mahali pengine. Kwa hiyo mji mkuu wa Unyamwezi haukukusudiwa udumu mahali pamoja milele. Kilichodumu kilikuwa utaratibu: ngoma, vazi la enzi, makaburi, na watu waliojua kila kitu kilikuwa na maana gani. Mtu anayekwenda kutafuta magofu huko amekosea swali kabla hajaanza safari.

Ni kweli pia kwamba vita vilichangia kuziangamiza ikulu hizo, na hatuna budi kueleza vita hivyo vilitokana na nini. Njia ya misafara kutoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi Ujiji, yenye urefu wa kilomita zipatazo 1,200, ilibeba pembe za ndovu na watu waliouzwa utumwani kwenda pwani, na nguo, bunduki na baruti kwenda bara. Mwenye kuitawala njia aliitawala nchi. Karibu na mwaka 1860, Mtemi Mnywa Sele wa Unyanyembe alitaka kuwatoza kodi wafanyabiashara wa Kiarabu wa Tabora. Walimpinga, wakashirikiana na wapinzani wake hata akapoteza kiti, na Mkasiwa akatawazwa badala yake. Mnywa Sele alipigana kwa miaka kadhaa porini, akauawa mwaka 1865. Funzo la kisa hicho halikuwa gumu kwa majirani: ikulu isiyokuwa na bunduki zake yenyewe ingewekewa mtemi na wengine.

Mirambo, mtemi aliyetoka katika nchi ndogo ya Uyowa, alilishika funzo hilo. Alikusanya vijana wa rugaruga, akaziunganisha nchi jirani, akaijenga dola yake huko Urambo, magharibi ya Tabora. Mwaka 1871 Waarabu wa Tabora na watu wa Unyanyembe walimwendea kwa vita. Waliteka baadhi ya vijiji vyake, kisha wakavamiwa njiani walipokuwa wakirudi na mateka. Mwezi Agosti mwaka huo huo Mirambo akaigeukia Tabora yenyewe. Sehemu ya mji ikateketezwa, na mmoja wa wakuu wa Kiarabu, Khamis bin Abdullah, akauawa. Njia ya Ujiji ikafungwa, na vita vikaendelea kwa miaka.

Sasa tuangalie jinsi habari hizi zinavyosimuliwa. Stanley, aliyepigana upande wa Waarabu katika vita hivyo vya 1871 na baadaye kufanya udugu wa damu na Mirambo mwaka 1876, alimlinganisha Mirambo na Napoleon. Ulinganisho huo ulikubaliwa na wengi kana kwamba ni sifa, bila kuuliza kwa nini mtu wa Urambo apimwe kwa mizani ya Ufaransa. Waandishi wetu waliinuka kuirekebisha hali hiyo. Mwaka 1966, miaka mitano tu baada ya uhuru, J. B. Kabeya alitoa kwa Kiswahili kitabu chake *Mtemi Mirambo: Mtawala Shujaa wa Kinyamwezi*. Jina la kitabu latosha kuonyesha nia yake, nayo ilikuwa nia njema: taifa changa lilihitaji kujua kwamba lilikuwa na watawala kabla ya magavana.

Lakini ushujaa ukirudiwa bila kuchunguzwa hugeuka kuwa pazia. Siku hizi si ajabu kusikia Mirambo akitajwa miongoni mwa waliopigana na Wajerumani. Mirambo alifariki Desemba 1884, na bendera ya Wajerumani ilipandishwa Tabora mwaka 1890. Vita vyake vilikuwa juu ya njia, pembe na utawala, dhidi ya Waarabu na dhidi ya Wanyamwezi wenzake. Aliyepigana na Wajerumani ni Isike, mtemi wa Unyanyembe, yaani mwenye kiti cha adui zake. Wakati huo dola ya Urambo ilikuwa imekwisha kudhoofika. Wajerumani waliishambulia ngome yake mwaka 1892 wakashindwa kuitwaa. Walirudi Januari 1893, na ilipovunjwa Isike aliiwasha ghala ya baruti ili asitiwe mikononi mwao. Wahenga walisema vita vya panzi ni furaha ya kunguru. Kuwaweka Mirambo na Isike katika safu moja ya mashujaa bila kueleza kwamba dola zao zilikuwa zikiuana ni kuificha sababu mojawapo ya kushindwa kwetu. Tena ni kuwasahau mateka, ambao hakuna ikulu iliyobeba majina yao.

Nyumba ya Kwihara nayo yafaa itazamwe kwa jicho hilo. Stanley alikwama hapo mwaka 1871 kwa sababu ya vita. Livingstone alikaa hapo mwaka 1872, tangu Februari hadi Agosti. Nyumba hiyo ilijengwa upya katika karne ya 20 iwe kumbukumbu yake. Hatusemi ibomolewe. Tunasema kwamba mgeni anayeingia humo astahili kuambiwa kwanza ni nchi ya nani iliyompokea Livingstone, na ni vita gani vilivyomzuia Stanley. Mwaka 2006 nchi yetu iliipendekeza njia hiyo ya biashara ya watumwa na pembe katika orodha ya awali ya Urithi wa Dunia. Hatua hiyo ni nzuri, ila njia haina maana ikitajwa vituo vya wapitaji bila ikulu zilizowatoza hongo, zilizowalinda na zilizowanyang'anya.

Wapo watakaosema kwamba kitu cha udongo na nyasi hakihifadhiki. Na watazame Buganda. Miji mikuu ya huko ilikuwa ya matete na nyasi, nayo ilihama pamoja na wafalme. Kabaka Mutesa wa Kwanza alifariki mwaka 1884, mwaka ule ule wa Mirambo, akazikwa Kasubi katika jumba lake la enzi. Mwaka 2001 makaburi ya Kasubi yaliingizwa katika Urithi wa Dunia. Mwaka 2010 jumba kuu likateketea kwa moto. Likajengwa tena, na mwaka 2023 likaondolewa katika orodha ya urithi ulio hatarini. Kilichoiokoa Kasubi ni kuwako kwa watu wanaojua kuezeka, na wanaojua kwa nini wanaezeka.

Wapo pia wanaohofu kwamba kuhifadhi ikulu ni kuufufua utemi na ukabila. Hofu hiyo haikutoka hewani. Utemi kama mamlaka ya serikali uliondolewa mwaka 1963, na umoja wa taifa ulipata faida kubwa. Lakini mamlaka ni kitu kimoja, na kumbukumbu ni kitu kingine. Tabora yenyewe imekwisha kutuonyesha njia. Katika mji ule ambao Mirambo aliuchoma moto, leo kuna kambi ya jeshi yenye jina la Mirambo na shule ya sekondari ya Milambo. Watoto wa Unyanyembe wanasoma chini ya jina la adui wa babu zao, wala hakuna anayeona haya. Huo ni utamaduni wa taifa uliozaliwa bila kuamriwa na mtu.

Hata hivyo jina peke yake halifundishi. Kazi iliyo mbele ya wataalamu wetu ni kuyatambua mahame ya ikulu za pande zote mbili na kuyachora katika ramani moja, kuyaandika majina na kazi za ngoma kwa Kinyamwezi na Kiswahili, na kuyakusanya masimulizi ya wazee, ya koo za watemi na ya koo za wapagazi na mateka pia. Kazi hiyo haihitaji jiwe hata moja. Yahitaji masikio, na yahitaji haraka, kwa kuwa mzee hajengwi upya kama nyumba.

Na tukumbuke kwamba neno la Wanyamwezi na majirani zao wa bara limekwisha kupanda cheo kuliko majengo yao yote. Makao ya Rais wa Jamhuri tunayaita Ikulu. Neno tumelichukua, tukalifanya la taifa zima. Iliyobaki ni kulilipia deni lake.