Mwanafunzi Kumfundisha Mwenzake: Msaada au Unyapara?

Mbinu ya kumwachia mwanafunzi amfundishe mwenzake Kiingereza husifiwa sana miongoni mwa walimu. Makala haya hayaipingi, bali yanahoji namna inavyotumiwa.

Mbinu yenyewe si ngeni. Mwishoni mwa karne ya 18 Andrew Bell aliitumia Madras, naye Joseph Lancaster akaiendesha London kuanzia 1798. Sababu kubwa ilikuwa uhaba wa walimu na fedha. Uganda nayo ilipoanzisha elimu ya msingi kwa wote mwaka 1997, madarasa yalifurika.

Tuchukue mfano wa Ayivu, huko Arua. Kwa mujibu wa mtaala wa mada ulioanza 2007, mtoto husomeshwa kwa lugha ya nyumbani, yaani Kilugbara, darasa la kwanza hadi la tatu. Darasa la nne ni la kuvukia kwenye Kiingereza. Hapo ndipo mwenzake angemfaa. Kilugbara, kama Kiswahili, hakitofautishi mume na mke katika kiwakilishi cha nafsi ya tatu. Mtoto akimwita mama yake "he", mwenzake aliyekwisha kuelewa anaweza kumfafanulia kwa Kilugbara, kwa sentensi moja tu.

Lakini shule ikipiga marufuku lugha ya nyumbani, msaada huo hufa. Mkufunzi mdogo hubaki kurudia neno lile lile kwa sauti kubwa zaidi, au kuorodhesha majina ya waliosema Kilugbara. Huyo si mwalimu tena, ni nyapara.

Kasoro ya pili ni kurithishana makosa. Watoto wawili wanaochanganya "he" na "she" wataelewana vizuri kabisa, wote wakiwa wamekosea. Kwa hiyo mwalimu hana budi kuandaa zoezi fupi lenye majibu, kusikiliza jozi chache kila siku, na kubadilisha zamu ili anayesaidiwa leo asaidie kesho. Bila hayo, tunambebesha mtoto mzigo wa watu wazima.

Nasi walimu wa Kiswahili tusidhani hayatuhusu. Julai 2022 baraza la mawaziri la Uganda lilielekeza Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Wapo watoto wa Arua waliokiokota sokoni, ambao wanaweza kuwasaidia wenzao. Je, tutawaruhusu waeleze kwa Kilugbara? Tukikataa, tutakuwa tumeyarudia yale yale tunayoyalaumu kwa walimu wa Kiingereza.