Nguzo Haiulizwi Kama Imechoka

Nani asiyeikumbuka nyungu ya mwaka 2020? Tunakumbuka blanketi, jasho, mvuke wa mchaichai na mwarobaini. Aliyechuma majani yale na kukoka moto alfajiri tumemsahau. Kwetu Msimbati, karibu na mdomo wa Mto Ruvuma, alikuwa mama.

Nilikuwa mwaka wa pili chuoni. Machi 17 shule zilifungwa, vyuo vikafuata, nami nikarudi nyumbani na kitabu kimoja cha kozi: Nguzo Mama, tamthilia ya Penina Muhando. Nilikisoma barazani. Mama alijaza ndoo ya kunawia mikono, akapika, akakagua madaftari ya wadogo zangu, na maji yalipokupwa akashuka pwani kuchokoa pweza. Pembeni mwa ukurasa niliandika: "Mama ni nguzo ya familia." Nilidhani nimeielewa tamthilia.

Sasa naisoma tena kwa ajili ya tasnifu ya uzamili, na naona nilikosea. Kwa Muhando, nguzo bado haijasimama. Wanawake wa kijiji cha Patata wanahangaika kuisimamisha, na kila wakijaribu, shida za nyumbani na ugomvi wao wenyewe vinawarudisha nyuma. Kinachoonekana jukwaani ni kazi yenyewe: uzito wake, kushindwa, kuanza upya. Sisi tumeigeuza sitiari hiyo. Tukisema mama ni nguzo, tunamaanisha ameshasimama, basi na tukae kivulini. Sifa hiyo inatuondolea wajibu wa kushika upande wa pili wa mzigo, kwa sababu nguzo haiulizwi kama imechoka.

Baadhi ya wanawake hao Muhando amewapa majina ya namba tu: Bi Nne, Bi Tano. Zamani nilipita hapo haraka. Siku hizi namba hizo zinanirudisha kwenye mwaka ule, tulipotangaziwa wagonjwa 509, kisha hesabu ikakoma. Ndoo za maji hazikuwahi kuwa na hesabu ya kukoma.

Likizo iliyopita, baada ya shikamoo, nilimuuliza mama wakati ule wa korona alikuwa akilala saa ngapi.

"Kwani wewe hukuwepo, mwanangu?"

Nilikuwepo. Nilikuwa barazani, nasoma.