Jinsi Sankey alivyoweka mzigo wa shaka mahali pake

Mwezi Desemba 1934, huko kusini-magharibi mwa Uingereza, Reginald Woolmington, kibarua wa shamba mwenye umri wa miaka 21, alikwenda kwa mama mkwe wake kumrudisha mkewe aliyekuwa amemkimbia. Chini ya koti alificha bunduki aliyoiiba kwa mwajiri wake, mtutu akiwa ameukata kwa msumeno. Mke akapigwa risasi, akafa. Utetezi wa Woolmington ulikuwa kwamba alitaka tu kumtishia mkewe kuwa atajiua, bunduki ikafyatuka kwa bahati mbaya.

Kesi ya kwanza, mjini Taunton, wananchi wa juri hawakukubaliana. Katika kesi ya pili, mjini Bristol, Jaji Swift aliwaelekeza hivi: ikishathibitika kwamba mwanamke alikufa mikononi mwa mshtakiwa, hayo ni mauaji ya kukusudia, isipokuwa mshtakiwa mwenyewe awaridhishe kwamba ilikuwa ajali. Woolmington akahukumiwa kunyongwa.

Swift hakulibuni jambo hilo. Lilikuwa limeandikwa na jaji Michael Foster mwaka 1762, na vitabu vya sheria vikarithishana. Rufaa ilipofika House of Lords, wakati huo mahakama ya juu kabisa ya Uingereza, mwaka 1935, Lodi Sankey aliyeandika hukumu angeweza kusema kwa kifupi kwamba Foster alikosea. Hakufanya hivyo, na hapo ndipo ninapouona ustadi wake. Alirudi kwenye kesi za kale moja moja, akatafuta ni wapi hasa mshtakiwa alitakiwa kuthibitisha kwamba hana hatia. Kisha akabana hoja: kama jaji anaweza kutamka katikati ya kesi kwamba upande wa mashtaka umemaliza kazi yake na sasa ni zamu ya mshtakiwa kujinasua, basi anayeamua hatia ni jaji, juri imebaki pambo.

Kiini cha hukumu kiko kwenye kitenzi kimoja. Ikithibitika tu kwamba mshtakiwa aliua kwa kitendo alichokifanya akijitambua na hakuna maelezo mengine, juri *inaweza* kumtia hatiani, *hailazimiki*. Mshtakiwa hana haja ya kuwaridhisha. Maelezo yake yakizua shaka ya maana, inatosha. Kama vighairi, Sankey alibakiza utetezi wa wazimu na yale yaliyotajwa na sheria za Bunge, basi.

Shaka hiyo haina maana ya kila wasiwasi unaoweza kupita kichwani. Mwaka 1947 Jaji Denning wa Uingereza alifafanua kwamba uwezekano wa mbali mno haumwokoi mshtakiwa. Kipimo hichohicho kimo katika Sheria ya Ushahidi ya Tanzania ya mwaka 1967, kifungu cha 3, na ndicho mawakili wetu wanachokisimamia wanapodai kwamba Jamhuri imeshindwa kuthibitisha shtaka pasipo kuacha shaka.

Katika rufaa ya Woolmington ilibaki hatua ngumu zaidi. Upande wa mashtaka uliomba hukumu ibaki kwa sababu ushahidi ulikuwa mzito kiasi kwamba hata maelekezo sahihi yasingebadilisha kitu. Bunduki ya wizi, mtutu uliokatwa: ombi hilo halikuwa la kipuuzi. Malodi walikataa. Hawakusema Woolmington hana hatia. Walisema hawawezi kuwa na hakika kwamba juri iliyoelekezwa vizuri ingemtia hatiani tu, wakaifuta hukumu, naye akaachiwa huru.