Gofu, Pagale na Tegesha

Uhakiki wa majengo katika Kiswahili ulizaliwa magofuni. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir alipoyatazama majumba ya Pate yaliyohamwa na wenyewe, akatunga Al-Inkishafi, aliwarithisha wasomaji wa pwani jicho la namna ya pekee: jicho linaloisoma nyumba baada ya wakaazi wake kuondoka. Jicho hilo halijafumba. Tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la mwaka 1883, ilipoporomoka na kuua watu wawili, Unguja haikupungukiwa na maneno ya maombolezo. Boriti, nakshi, daka, kizingiti: kila kiungo cha jumba kilikuwa na jina lake, na kila jina lilikuwa na mtu wa kulililia.

Jicho hilohilo likisafiri hadi Tarime au Mugumu, katika mkoa wa Mara, aghalabu hurudi mikono mitupu. Hurudi na habari ya bati, saruji, vumbi na mabango ya rangi za kampuni za simu. Husema kuwa pale pana majengo lakini hapana ujenzi. Hukumu hii imezoeleka mno miongoni mwa watu wa visiwani, na imetolewa kwa haraka. Tatizo haliko katika miji ile. Liko katika msamiati, kwa kuwa msomaji aliyefunzwa kulisoma gofu hajafunzwa kulisoma pagale.

Tarime umekaa katika nyanda za juu zenye baridi, kwenye barabara itokayo Mwanza kuelekea mpakani Sirari. Kitovu chake hakikujengwa kuzunguka ngome wala msikiti wa kale. Ni mji wa barabara, na barabara ndiyo inayoamua sura ya kila kiwanja. Mbele hukaa fremu za maduka zenye milango ya chuma, nyuma vyumba vya kupanga, katikati ua wenye kamba za nguo na jiko la mkaa. Juu ya nyumba nyingi hutokeza nondo zilizoachwa wazi, zikisubiri ghorofa ambayo huenda ikaja mwakani, huenda ikamngoja mtoto amalize masomo. Mgeni huona kazi iliyoachwa njiani. Mwenyeji huona akiba. Katika nchi ambayo wizi wa mifugo umewafukarisha watu wengi kwa usiku mmoja, na ambayo mapigano ya koo yaliwahi kuacha vijiji vikiwa majivu, tofali la kuchoma lina sifa moja ambayo ng'ombe hana: haliswagwi. Mtu huligeuza zao la msimu kuwa kozi tatu za ukuta, akatulia, akangoja msimu mwingine. Kwa hiyo pagale lina tarehe ndani yake. Anayejua kulisoma ataona ni mwaka upi ulikuwa na mavuno, na ni upi ulikuwa na msiba au ada za shule.

Lakini jambo lenye uzito zaidi limo katika neno nyumba lenyewe. Katika boma la Wakurya la jadi, kila mke alikuwa na mlango wake, na mlango ule ulikuwa na mali yake. Ng'ombe wa mahari ya binti walimwolea mke kaka yake wa tumbo moja. Hawakuvuka kwenda mlango wa pili bila maneno. Msomaji wa pwani hana haja ya kushangaa, kwani kwake pia neno mlango limetumika kwa maana ya tawi la ukoo. Hapa ubao na damu vilikutana katika lugha mbili zilizo mbalimbali. Tazama sasa neno hilo lilivyogeuka kati ya mji. Nyumba ya milango sita ni nyumba ya kodi sita. Mlango uliomhesabu mama sasa unamhesabu mpangaji, na hakuna aliyetangaza mabadiliko hayo.

Ushahidi mkali kuliko wote wa maana ile ya kwanza ni desturi iitwayo nyumba ntobhu. Mwanamke aliyezeeka bila mtoto wa kiume, au bila mtoto kabisa, humtolea mahari mwanamke mwenzake aliye kijana. Watoto watakaozaliwa ni wa nyumba ya yule mzee, huhesabiwa kwake na humrithi. Nyumba hapa haina uhusiano na kuta. Ni jina linalokataa kuzimika. Wapo waliolisifu jambo hili kuwa kimbilio la mwanamke, na wapo walioonyesha, kwa haki, kwamba msichana anayeolewa pengine ni mdogo na hakuulizwa. Kauli zote mbili zina ukweli. Kwa mhakiki inatosha kuona kwamba mtu aweza kuwa na nyumba kabla ya tofali la kwanza, na kwamba mji wenye fremu haujapata mahali pa kuiweka nyumba ya aina hiyo.

Kutoka mjini Tarime kwenda Nyamongo, ulipo mgodi wa dhahabu wa North Mara ulioanza uzalishaji mwaka 2002, lugha imezaa neno la tatu. Neno hilo ni tegesha. Kitenzi cha mwindaji kimefanywa nomino: tegesha ni kibanda, au miti iliyopandwa kwa msongamano, kwenye ardhi inayotazamiwa kuchukuliwa na mgodi, ili siku ya uthamini ipatikane fidia. Nyumba ya tegesha haikukusudiwa kulaliwa. Msomaji wake ni mmoja tu, naye ni mthamini.

Ni rahisi kuicheka tegesha, na ni rahisi zaidi kuilaani. Magazeti yamefanya yote mawili. Lakini tegesha ndiyo uhakiki mkali kuliko wote uliowahi kuandikwa juu ya maendeleo katika wilaya ile, na umeandikwa kwa miti na bati. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inaahidi fidia kamili, ya haki na ya wakati. Mthamini hufika na orodha yake, akahesabu ukuta, paa, mazao. Mlango kwa maana ya mama hauna mstari katika orodha. Aliyetegesha amemsoma msomaji wake vizuri: umesema nyumba ni kuta na bati, basi hizi hapa kuta, na hili hapa bati. Amemrudishia mthamini tafsiri yake mwenyewe. Kwamba ni udanganyifu, hapana ubishi. Washairi wa kejeli nao wamekuwa wakidanganya kwa namna hiyo tangu zamani.

Kuhusu ghorofa mpya za vioo na vigae zinazoinuka katika miji hii hapana mengi ya kusema. Nyingi zingeweza kuwa popote. Kosa lao kubwa ni kukifuta kibaraza, ile hatua mbili za kivuli kati ya fremu na barabara, ambapo fundi huweka cherehani yake na wazee hungoja mvua ikatike. Kioo hakina pa kumweka mtu asiyenunua.

Na hata hivyo ukuta usilaumiwe kwa jumla. Mugumu, makao makuu ya wilaya ya Serengeti, ambao msafiri wa mbuga huupita akiwaza nyumbu, una tangu mwaka 2014 jengo linaloitwa nyumba salama. Wasichana hulikimbilia msimu wa Desemba, shule zikiwa zimefungwa na ukeketaji umekaribia. Kwa usanifu halina la kumsimamisha mpita njia: kuta, vitanda, lango linalofungwa. Msichana anayebisha usiku ametoka katika mlango uliomzaa na kumhesabu. Lango linafunguliwa, jina lake linaandikwa daftarini, anaonyeshwa kitanda.