Usilipanue Tundu, Lirefushe

Mpwa wangu wa Makindye, Kampala, ana kifaa cha michezo cha mkononi alichokiunda mwenyewe: bodi ya Raspberry Pi Zero, kioo kidogo, betri, na kasha la plastiki ya PLA lililochapwa kwa printa ya 3D. Kila kitu kinakwenda sawa isipokuwa kitufe cha A. Ukikibonyeza katikati kinarudi. Ukikigusa pembeni kinazama kikiwa kimelala upande, kinabaki humohumo, na yule mtu kwenye kioo anakimbia mpaka anatumbukia shimoni.

Ushauri aliopewa kila alikouliza ni mmoja: tafuta tupa, panua tundu. Tupa mjini hazikosekani, kwa mafundi wa Katwe zinalia kutwa nzima. Kwa ugonjwa huu, tupa ni sumu.

Kitufe kina kipenyo cha milimita 8. Tundu lilichorwa 8.4, lakini mdomo wake wa nje ulitoka 8.1. Kasha lilichapwa kifudifudi, na tabaka la kwanza la plastiki hugandamizwa kwenye kitanda cha printa, likatambaa kidogo kuingia tunduni. Ukingo huo ni halali kuuondoa: kisu kikali, mzunguko mmoja, basi.

Tatizo kubwa ni kina. Uso wa kasha una unene wa milimita 1.5, kwa hiyo kitufe cha milimita 8 kinaongozwa na ukuta mfupi ajabu. Ni droo pana isiyo na kina: ivute kwa pembe moja, inakwama. Hesabu yake si ngumu. Gawanya urefu wa ukuta kwa msuguano mara mbili. Kwa plastiki juu ya plastiki tuchukue msuguano wa 0.3, basi 1.5 kwa 0.6 ni 2.5. Dole gumba likitua zaidi ya milimita 2.5 kutoka katikati, kitufe kinabana, na kutoka katikati hadi ukingoni ni milimita 4. Sasa angalia: upana wa tundu haumo kabisa kwenye hesabu hiyo. Ukilipanua, unakiongezea kitufe nafasi ya kulala, basi.

Ukuta ukifika milimita 4, jibu linakuwa karibu 6.7. Hapo dole lingekuwa limeshatoka nje ya kitufe.

Kwa hiyo tulichapa pete ya kimo cha milimita 2.5 na kuigundisha kwa ndani, nyuma ya tundu. Kazi yenyewe ni kuilinganisha na tundu. Karatasi ya kawaida ya fotokopi ina unene wa karibu milimita 0.1. Kizungushie kitufe mara mbili, kivalishe pete, kitie tunduni, kisha weka tone la gundi kwenye ukingo wa nje wa pete, mbali na karatasi. Gundi ikishakauka, chomoa karatasi: nafasi ya 0.2 imebaki pande zote. Kitufe nacho kilichapwa upya, shingo ikaongezwa milimita 2.5, maana ile sketi inayokizuia kisichomoke sasa inagota kwenye pete. Sehemu iliyo chini ya sketi ikapunguzwa kiasi hichohicho.

Kuta zilizochapwa zina matabaka ya milimita 0.2, na kitufe hupanda na kushuka kwa kuyakata. Msasa namba 400 uliozungushwa kwenye penseli unatosha. Kisha ile penseli, ikiwa laini, paka risasi yake ukutani, lakini kabla ya kurudisha bodi, kwani unga wake hupitisha umeme. Mafuta hapana. Vumbi jekundu la Kampala litayageuza tope.

Game Boy ya Nintendo, 1989, ilikuwa na mpira chini ya vitufe, kama ule wa rimoti, ambao husukuma kwa safari ndefu kiasi na kusamehe mengi. Swichi ndogo za milimita 6 kwa 6 wanazopenda waundaji wa nyumbani husafiri karibu robo milimita tu. Hazisamehe.

Msalaba wa kuelekeza, aliouleta Gunpei Yokoi kwenye Donkey Kong ya Game & Watch mwaka 1982, hauhitaji pete, kwa sababu kazi yake ni kuinama. Huo unataka nundu chini ya kitovu chake, ili upande mmoja ukishuka wa pili uinuke, na swichi mbili zinazotazamana zisibonyezwe kwa pamoja.