Kizuizi Kiko Wapi Baadaye?

Mkalimani hodari utamjua kwenye kitenzi. Majina ya vitu hayamsumbui: daraja ni daraja, bunduki ni bunduki. Kazi huanza pale afisa wa kigeni anaposema kwa Kiingereza kwamba kikosi chake kimewakabili waasi na mambo yamekwenda vizuri, huku mama aliyekimbia kijiji chake akisubiri kwenye baraza la chefu kusikia kama arudi nyumbani au asirudi.

Bukavu imelea mafundi wa kazi hii. Ujumbe wa Umoja wa Mataifa ulianzishwa Kongo mwaka 1999 ukiitwa MONUC, ukawa MONUSCO Julai 2010, ukaondoka Kivu Kusini Juni 2024. Kwa muda mrefu askari wake wengi mkoani humu walikuwa Wapakistani. Maafisa wao walitumia Kiingereza. Wananchi walisema Kiswahili, Kimashi, Kifuliiru au Kibembe. Katikati alisimama kijana wa mtaa wa Kadutu au Ibanda, daftari mkononi, aliyesomeshwa kwa Kifaransa na kukitafuta Kiingereza kwa bidii yake mwenyewe.

Kiingereza kina vitenzi vingi vya kushinda, na kamusi huvirundika pamoja: defeat, overpower, conquer, surmount, overcome. Fundi huvitenganisha kwa swali moja: tendo likiisha, kizuizi kiko wapi?

Kwa defeat, adui ameanguka na pambano limekwisha. Hapo "kushinda" inatosha. Kwa overpower, amezidiwa nguvu saa ile tu, na kesho anaweza kuinuka. Fundi husema "tuliwazidi nguvu", na msikilizaji anaelewa kwamba hakuahidiwa lolote kuhusu kesho. Kwa conquer, aliyeingia amekaa na anatawala, ndiko kuteka. Waliokuwa Bukavu Februari 2025, waasi wa M23 walipoingia mjini, hawahitaji kuelezwa tofauti ya mpita njia na aliyekuja kukaa.

Surmount ilitoka Kifaransa, na ndani yake mna mlima. Anayeijua barabara ya Uvira ataielewa upesi. Lori lililotoka Kamanyola na shehena yake hupanda Ngomo kwa gia ndogo, kona baada ya kona, msaidizi wa dereva akitembea nyuma na kipande cha gogo, tayari kukisukuma chini ya gurudumu likianza kurudi. Lori likifika Nyangezi, dereva ameivuka Ngomo. Hakuishinda: iko palepale, na wiki ijayo ataikuta. Kwa hiyo fundi huchagua "kuvuka".

Overcome ndiyo ngumu kuliko zote, kwa sababu mara nyingi kizuizi chake kimo ndani ya mtu: hofu, ugonjwa, msiba. Tena hugeuka: mtu akiwa overcome kwa huzuni, huzuni ndiyo imemlemea yeye. Hospitali ya Panzi, iliyoanzishwa na Dkt. Denis Mukwege mwaka 1999, imepokea wageni wengi wanaosema Kiingereza, hasa tangu alipopewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2018 pamoja na Nadia Murad. Tuseme mgeni anamsifu mama aliyelazwa pale kwa neno hilo. Mkalimani akisema "umeyashinda", anamwambia mama kwamba maumivu yake yamekwisha, ilhali anaketi nayo kitandani. Fundi atasema: "hayakukushinda." Kwa kukanusha tu, heshima imebaki na ukweli umebaki.

Upo pia ustadi wa kuacha mlango wazi. Tarehe 28 Machi 2013, azimio 2098 la Baraza la Usalama liliunda brigedi ya Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, ikapewa kazi ya ku-neutralise makundi yenye silaha. Je, ni kuua, kukamata, au kunyang'anya silaha? Waandishi wa azimio hawakusema, na mkalimani hana mamlaka ya kuwasemea. "Kuyavunja nguvu" hubeba yote matatu bila kuchagua moja, na anayetaka kujua zaidi atamuuliza afisa mwenyewe.

Ninachokistahi kwa mafundi hawa ni uaminifu unaofanywa kwa haraka, katika pumzi moja kati ya sentensi mbili, bila kamusi, mbele ya watu wenye silaha na watu wenye njaa. Hawaongezi ushindi ambao haukupatikana, wala hawapunguzi uliopatikana. Wanaofundisha Kiingereza mjini hapa, kwenye chuo cha ualimu cha ISP Bukavu na kwingineko, wangefanya vema kuwaita darasani na kulifanya swali lao kuwa somo. Mama yule kwenye baraza la chefu ataamua usiku huohuo kama awachukue watoto na kurudi kijijini, na ataamua kwa kitenzi alichokisikia.